Mbegu za Mwisho za Bwana Kucha

Asubuhi Bwana Kucha alipoanguka uani, akakata roho kabla hajafikishwa hospitali, ndoo ya mbegu alikuwa ameshaifunika kwa gunia. Alikuwa amezimwagia maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, kama kawaida yake, akaziacha zipoe humo humo na kulowa hadi kesho yake. Kesho yake ndipo walipomzika.

Jina la Bwana Kucha alipewa na wateja wa kitalu chake cha miche ya miti. Mbegu zilizogoma kuvimba majini alikuwa akizikata ganda moja moja kwa kikata kucha, kichwa kakiinamisha kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Leo nani anatengenezwa kucha?" walimtania.

"Warembo wangu. Nyie subirini kivuli."

Mkewe aliporudi kutoka makaburini aliwapita wageni sebuleni, akaenda moja kwa moja uani na kufunua gunia. Mbegu zilikuwa zimevimba, maji yamekuwa ya hudhurungi, na harufu imeanza kubadilika.

"Wifi, njoo ndani," dada wa marehemu alimwita kutoka mlangoni. "Watu wanakuulizia."

"Hizi zikilala tena majini zitaoza."

"Zioze! Mbegu si zinanunuliwa? Watu watasemaje, mfiwa anachezea udongo?"

"Waseme. Nyingine nitanunua. Hizi alizilowesha kaka yako."

Wifi yake akavua viatu, akakunja mikono ya gauni.

"Haya, nionyeshe. Lakini ukinigombeza nitalia, nakuonya mapema."

Viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, vilikuwa vimeshajazwa. Miaka yote ndivyo walivyogawana: mke udongo, mume mbegu. Walipanda bila maneno mengi, wakifukia juu juu tu, udongo usizidi unene wa mbegu yenyewe. Mwishowe chini ya ndoo zikabaki zile ngumu, ndogo vilevile kama zilivyotoka kwenye mfuko.

"Hizi zimekufa," wifi alisema, halafu akajiziba mdomo.

"Hazijafa. Ganda ndilo halijapitisha maji."

Aliingia chumbani, akatia mkono mfukoni mwa shati lililoning'inia nyuma ya mlango. Kikata kucha kilikuwemo. Alirudi, akabana mbegu ya kwanza, akaiharibu: alikata upande wa kijicho, pale pale chipukizi linapoanzia. Akamsikia mumewe kabisa, na kicheko chake: Umemtoboa mtoto jicho, mama.

Ndipo yakaja machozi yaliyogoma makaburini. Wifi hakumwambia anyamaze. Alikinga kiganja chake chini ya mkono wenye kikata kucha, akakishikilia hapo mpaka machozi yakakatika. Mbegu ya pili mke akaigeuza, akaikata upande wa nyuma, kidogo tu, mpaka weupe ukaonekana. Zote zilipokwisha kukatwa wakazilowesha upya, wakazipanda kesho yake, wageni wakiwatazama dirishani.

Hazikuota zote. Lakini safu za mbele za viriba zilijaa, na hata katika zile ngumu yalichomoza majani mawili mawili, ya kijani kibichi, yenye kofia za ganda kichwani.

Siku hizi wifi huja Jumamosi kujaza viriba. Mbegu anazikata mke.