Mfuko wa Mkono wa Kulia

Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni kule uani, na mama alijua ana nafasi. Binti yake akiingia kuoga hatoki upesi, hujisugua kama anasugua sufuria iliyoungua. Mama akautoa mkanda wa kiaskari wa binti huyo pale msumarini, akaketi nao kitandani, akachomoa shazia kwenye kilemba chake.

Shazia ni ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na kazi ya mama ilikuwa hiyohiyo, kushona midomo ya magunia ya unga kiwandani. Alipata kibarua siku wanazomwita tu, na siku hizi hawakumwita mara nyingi. Lakini mkono haukusahau.

Mfuko wa bastola ulining'inia kwenye mkanda ukiwa mtupu, maana bastola yenyewe hulala kituoni. Ngozi ilikuwa imechakaa kwa viuno vya watu waliokwisha kustaafu. Juu yake palikuwa na kijimkanda cha kuzuia mpini usichomoke, ila kifungo chake cha chuma hakikubana tena. Ukikigusa tu, pa! kimeachia.

Hata hivyo si kifungo kilichomnyima mama usingizi. Binti yake ni mashoto tangu utotoni, hata kazini walimwita Shoto, na mifuko yote ya kituo imetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Ukiuvaa huo mfuko kiunoni upande wa kulia, mpini wa bastola unaelekea nyuma, umejificha chini ya kiwiko chako. Ukiuvaa upande wa kushoto, kama Shoto anavyolazimika kuuvaa, mpini unaelekea mbele. Unamtazama mtu aliyesimama mbele yako.

"Angalia, mama," Shoto alimwambia siku moja, akatumbukiza mwiko ndani ya mfuko. "Unaona mpini ulipo? Ni kama nimempa mtu mkono anisalimie."

Alicheka sana. Mama hakucheka. Na mwiko uleule ndio aliopimia asubuhi hii. Aliusimamisha ndani ya mfuko, akaupunguza mdomo kama mtu anayepunguza gauni kiunoni, akapitisha uzi wa magunia, akarudia, akapiga fundo mara mbili. Uzi ulikuwa mweupe, kwa hiyo akaupaka dawa ya viatu. Maji yalipokatika, mkanda ulikuwa umesharudi msumarini.

"Shikamoo, mama. Mbona jasho asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Joto tu. Kunywa chai, hakuna kitafunwa. Unga ukibaki huko unakokwenda, uniletee hata wa kusonga mara moja."

"Huko ninakokwenda ndiko unakogombaniwa," Shoto akasema, akafunga mkanda, akatoka.

Kituoni, askari wa zamu walijipanga mbele ya dirisha la chumba cha silaha. Nyuma ya nondo aliketi sajini mzee waliyemwita Funguo, kwa sababu funguo zilimlia kiunoni hata akienda chooni.

"Shoto, pokea mwanao."

Shoto akaipokea bastola, akaikagua, akaiingiza mfukoni. Ikakwama katikati.

"Leo bastola imenenepa?" akauliza Funguo.

"Labda mfuko ndio umekonda," akadakia Mrefu, askari mwenzake wa zamu, aliyekuwa nyuma yake. "Nani hajakonda na bei hizi?"

Watu wakacheka. Shoto akasukuma kwa kiganja mpaka ikaingia. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa mfuko, akagusa mstari wa nyuzi, akafika kwenye fundo lililorudiwa. Fundo lile alilijua. Lilikuwa kwenye begi lake la shule, kwenye mto wake, kwenye pazia linalogawa chumba chao.

Akaacha kidole pale juu ya fundo. Sheria ilikuwa wazi kuwa mfuko ni mali ya serikali, hautiwi sindano na mtu yeyote. Akisema, atarudishwa nyumbani na mama ataitwa kujieleza mbele ya wakubwa. Asiposema, na ikafika saa ya kuihitaji bastola upesi, haitatoka. Tangu aajiriwe hajawahi kuitoa nje ya uwanja wa shabaha.

"Sajini," akasema badala yake, "ule mfuko wa mashoto bado?"

Funguo akatazama kulia na kushoto. Kila mtu alijua habari hiyo. Ililetwa shehena ya mifuko mipya, migumu, yenye kufuli dogo linalofunguliwa kwa gumba la mwenye bastola peke yake. Ilikuwa imehifadhiwa ndani ya nailoni, ikisubiri siku ya ukaguzi ili askari wapendeze gwarideni. Na kati ya hiyo mmoja ulikuwa wa mkono wa kushoto, aliyepakia alikosea.

"Upo," akasema kwa sauti ya chini. "Wa ukaguzi."

"Nani mwingine hapa atauvaa?"

"Hakuna. Hata gwarideni haufai, utaharibu mstari."

"Sasa si unipe?"

"Mkaguzi akihesabu, akakuta nailoni moja tupu, nimwambie nini? Mwanangu, mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Serikali haina mkono wa kushoto. Nenda zamuni."

Geti la kiwanda cha unga lilikuwa limeshazungukwa na watu. Bei ilikuwa imepanda tena usiku, na mtu mmoja ndani alibandika karatasi ya bei mpya kisha akajificha. Watu walikuwa na viroba vitupu, wengine wamejifunika navyo vichwani kwa sababu ya jua. Shoto na Mrefu walisimama mgongo getini, uso kwa watu, kama walivyoagizwa.

"Dada askari," akaita mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, "nyie unga wenu mnanunua wapi? Mbinguni?"

"Hapahapa, mama."

"Basi hama huko, njoo huku kwenye foleni!"

Shoto akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka naye. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Lori likatokea nyuma, likipiga honi likitaka kuingia kiwandani, na watu wakadhani unga unaondolewa. Walio nyuma wakasukuma. Walio mbele hawakuwa na pa kwenda. Mrefu akainua rungu, akampiga begani mbeba mizigo mmoja mpana aliyesukumwa juu yake.

"Unanipiga kwa kosa gani?" yule mtu akafoka. "Nimekuja na pesa yangu! Kosa gani?"

Rungu likainuliwa mara ya pili. Mtu yule akarudi nyuma, akajikuta uso kwa uso na Shoto, wamebanwa kifua kwa kifua. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatafuta pa kushika. Ukakuta mpini.

Kifungo kikaachia, pa!

Chuoni waliwafundisha la kufanya. Mtu akiishika bastola yako, usihangaike na uso wake. Ikandamize mfukoni kwa mkono wako na uzito wako wote, kisha geuza kiuno umnyime. Ila mkufunzi aliwageuza wote upande mmoja, upande wa watu wa kulia, na Shoto alipouliza aliambiwa, "Wewe pindua mwenyewe kichwani." Pale getini kichwa hakikupata nafasi ya kupindua. Mwili ukageuka kama ulivyozoeshwa na kundi zima, na badala ya kumnyima yule mtu kiuno, ukampelekea.

Akavuta. Shoto akasikia mkanda wote unapanda, akawa anasimama kwa vidole vya miguu. Bastola haikutoka. Ilipanda kidogo, ikang'ang'ania kwenye mdomo wa mfuko, nyuzi zikalia kama gunia linalojazwa kupita kiasi. Hapo mkono wake wa kushoto ukafika. Akaukandamiza juu ya mkono wa yule mtu, akajiachia mzima mzima mpaka magoti yakagonga chini, na mtu yule akashuka naye.

Wakatazamana. Alikuwa na vumbi la unga kwenye nyusi. Alionekana kama mtu aliyeshika sufuria bila kujua kuwa ina moto.

"Iache, kaka," Shoto akasema. "Iache. Tutakufa wote wawili."

"Sikutaka," akasema yule mtu. "Wallahi sikutaka, ilikuwa hapa."

Akaachia. Mrefu alipofika na rungu, mtu ameshaingia katikati ya watu, na watu wakamfunika. Kiroba chake kitupu kilibaki chini, Shoto amekipigia magoti.

Zamu ilipoisha wakarudi dirishani kurudisha silaha. Shoto akavuta bastola. Haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Funguo akafungua mlango, akaja mwenyewe, akaushika mfuko huku Shoto akivuta, na askari wakajazana kutazama.

"Mzalishe taratibu, sajini!" akapiga kelele mmoja.

"Kanyaga hapo, vuta!"

Ikachomoka ghafla, Funguo akakaa chini puu. Kicheko kikaisha alipouinua mfuko kwenye mwanga. Dawa ya viatu ilikuwa imefutika kwa jasho na mvutano, na uzi wa magunia ulionekana mweupe kabisa.

Mkuu wa kituo aliuweka mfuko mezani mbele yake, hakuugusa tena.

"Nani alishona?"

"Mimi, afande."

"Wewe? Kwa mkono upi?"

Shoto akaficha mikono nyuma.

"Umeharibu mali ya serikali. Utakatwa mshahara mpaka bei yake itimie. Na unajua hatari uliyojitia? Ungetaka kuitoa bastola ukashindwa, ingekuwaje?"

"Afande, leo aliyetaka kuitoa si mimi."

Mrefu, aliyeitwa kuwa shahidi, akatazama viatu vyake. Mkuu akamwuliza kama ni kweli kuna mtu aliishika silaha. Mrefu akasema ni kweli, afande, na ingekuwa kifungo peke yake, bastola ingeondoka.

"Kwa hiyo kifungo kibovu."

"Kilikuwa kibovu nilipokabidhiwa, afande. Nimeshasema. Na mfuko wa mkono wangu upo chumba cha silaha."

Mkuu akamtazama Funguo. Funguo akashika funguo zake zisilie.

"Ule ni wa ukaguzi," akasema mkuu. "Hauguswi. Funguo, fumua huo upuuzi. Kesho anavaa kama alivyokabidhiwa, na zamu yake ni palepale getini."

Funguo alifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, bila kuinua uso. Alipomaliza akamrudishia mkanda. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Mfuko wa mashoto ulikuwa rafuni nyuma yake, nailoni inang'aa.

Nyumbani mama alikuwa ameketi mlangoni. Habari za getini zilikuwa zimeshamfikia kwa watu wanne tofauti, mmoja akisema askari wa kike amekufa. Alipomwona binti yake anakuja na miguu yake, akasogea kumpisha.

"Umeumia?"

"Magoti tu."

Wakaingia ndani. Shoto akauweka mkanda mezani, karibu na sufuria isiyo na kitu. Unga hakuupata.

"Wameona?" akauliza mama.

"Wameona. Wamefumua. Wananikata mshahara."

Mama akauvuta mfuko, akautia vidole mdomoni, akaupapasa ndani na nje kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Shoto hakumlaumu. Kwenye redio ya jirani mtu alikuwa akieleza kwamba bei zitatulia.

"Nisingekwambia hata kidogo," mama akasema mwishowe. "Nilijua utakataa."

"Ningekataa."

"Na kesho?"

"Palepale getini."

Mama akainamisha kichwa. "Matundu ya sindano bado yapo," akasema taratibu. "Hayajaziba."

Shoto akavua viatu, akakaa kitandani, akayatazama magoti yake. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua mwiko pale juu ya sufuria, akautumbukiza mfukoni, akaushika usitikisike.

"Mwiko ni mwembamba kuliko bastola," akasema. "Acha nafasi kidogo huku juu, niweze kuitoa ikibidi. Na uzi, mama, safari hii tafuta mweusi."

Mama akapandisha mkono kwenye kilemba, akachomoa shazia.