Ukuta Unaoishia Kiunoni

Hapa mtaani kwetu Mbagala, ukitaka kumjua mwenye shughuli usiangalie meza kuu. Nenda nyuma, kwenye moshi. Kwenye sendofu ya Clara, sherehe ya kumuaga binti yangu wa kwanza kabla ya harusi yake, wapishi walipungua, nikaingia jikoni na gauni langu la sherehe. Ule ukumbi wa kukodi ulikuwa na jiko nyuma, na ukuta katikati mpaka juu. Clara akashika maiki, akanishukuru mbele ya kadamnasi, watu wakalia. Mie nilikuwa nageuza pilau. Maneno yale nilikuja kusimuliwa baadaye, na maneno ya kusimuliwa hayana chumvi.

Basi mtaa ulipopata kiwanja cha kujenga banda letu wenyewe, la misiba na harusi, nilikuwa na jambo moyoni. Msanifu majengo aliyejitolea kutusaidia, Demetria, hakuja na mchoro. Alituambia tulete kanga na kamba, tuutandaze chini ukumbi tunaoutaka, kisha tuigize shughuli ndani yake. Alitaka tuigize msiba. Wazee wakagoma, nani ajiitie kifo? Tukaigiza sendofu.

Wanaume wakakaa. Bibi harusi wa uongo akaingia kwa vigelegele. Demetria kugeuka, akatuona kina mama wote tumesimama ng'ambo ya kanga ya mwisho.

"Mama zangu, mbona mko huko? Leo hakuna kinachopikwa."

Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi. Hakuna aliyetutuma, miguu ilikwenda yenyewe. Hapo nikasema mbele ya wote habari ya Clara. Tukakubaliana: jiko litazamane na ukumbi, ukuta kati yao uishie kiunoni. Demetria akaligeuza upande ambao upepo utautoa moshi nje.

Nikasafiri kwenda Masasi kumwona mama. Niliporudi, nikakuta fundi Jonas ameupandisha ukuta mpaka kwenye mbao za paa.

"Nimewasitiri tu, mama Clara," akasema. "Wageni waone masufuria na majivu? Si aibu hiyo?"

Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Haya, ingia humo jikoni, ukae," nikamwambia.

Akaingia huku akinung'unika. Nikasimama katikati ya ukumbi, na kwa sauti yangu ya kawaida nikamsifia. Nikasema mtaa mzima hakuna anayenyoosha tofali kama yeye, na kwamba mvua ilipoangusha choo cha bibi Tusajigwe alikijenga upya bila kuombwa, na hajawahi kumwambia mtu. Vibarua wakapiga makofi. Akatoka mbio.

"Mlikuwa mnasemaje?"

"Umesikia nini?"

"Makofi tu."

"Ulikuwa unasifiwa wewe."

Akawageukia vibarua wamwambie. Nikawakataza. Jonas akaokota nyundo, akaanza kuubomoa ule ukuta wake.

Sendofu ya kwanza kwenye banda lile ilikuwa ya Editha, mdogo wake Clara. Niliwekewa kiti meza kuu. Nilikikalia kidogo, nikainuka nikaenda jikoni, maana pilau ya mwanangu siwezi kumwachia mtu. Safari hii nilikwenda kwa kutaka mwenyewe.

Editha aliposhika maiki, aliipa mgongo meza kuu, akatazama jikoni.

"Huyo mwenye mwiko ndiye mama yangu," akasema. "Mnavyoniona nimesimama hapa, nimesimamishwa na yeye."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Jasho linanitoka, kitambaa kimenipinda kichwani, na sikujificha. Niliinua mwiko juu watu wauone vizuri, kisha nikaegemea ukuta wa Jonas na kumsikiliza mwanangu mpaka neno la mwisho. Nyuma yangu pilau ilianza kushika ukoko. Nikaiacha ishike.