Mguu wa Sare

Mguu wa Bibi Generoza ulikuwa wa sita wiki ile, na Taufiki alikuwa hoi. Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati nje ya kambi ya wakimbizi wa Kirundi, upande wa kijiji cha Mbuba, na fundi wa miguu ya bandia alikuwa yeye peke yake. Kazi ya faiba aliijulia Mwanza, kwa kuziba boti.

"Shikamoo, bibi. Mguu wako huo."

"Marahaba." Bibi akaugeuzageuza. Rangi iliyoletwa na wafadhili ilikuwa ya waridi. "Huu ni wa mzungu. Mwenyewe anatembelea nini?"

"Mguu ni mguu, bibi."

"Jumamosi namwoza mjukuu wangu. Kaneza hataolewa bibi yake amevaa mguu wa mtu." Akatoa kipande cha kitenge kipya, bluu na njano, sare ya upande wa bibi harusi. "Uvike hiki. Hutaki, nabaki hemani."

Hakuwa akitania. Taufiki akaukwaruza mguu kwa msasa, akauvika kitambaa, akapaka gundi ya faiba juu yake. Alijua kitenge kipya kina wanga, na wanga haunywi gundi; lazima kifuliwe kwanza kwa maji ya moto. Lakini maji yalikuwa bondeni na kuni zilikuwa zimekwisha. Akaacha.

Gundi ilipokauka, kitambaa kilikuwa na mabaka meupe. Alipokigusa kwa kisu kikabanduka chote.

"Nimekiharibu," alisema. "Kilitakiwa kufuliwa. Nilijua, nikachoka."

"Mimi sijachoka?" Bibi alisema taratibu. "Nimekuja kwa magongo tangu alfajiri."

"Kipo kingine?" Taufiki aliuliza.

"Hakuna. Nina nguo yangu ya Jumamosi tu."

Akaitoa kwenye mfuko aliokuja nao, imeshashonwa, ndefu hadi chini. Akaushika upindo wake kwa muda mrefu.

"Kata hapa."

"Itakuwa fupi, bibi. Mguu utaonekana."

"Kumbe ulidhani nauremba ili niufiche?"

Safari hii Taufiki aliteremka bondeni mwenyewe, akarudi na maji na kuni. Akachemsha maji, akafua kipande alichokikata mara mbili mpaka kikalainika, akakipiga pasi ya mkaa kikakauka kabisa. Gundi iliyobaki ilikuwa ya kukwangua chini ya kopo. Akaipaka kidogo kidogo, akisukuma mapovu ya hewa kwa kidole gumba. Kitambaa kikainywa, bluu ikakolea.

Ijumaa mchana bibi aliuvaa, akaenda hadi mlangoni na kurudi, mkono mezani.

"Unabana?"

"Unabana."

"Nikulegezee?"

"Utalegeza Jumatatu. Leo usiuguse tena."

Akaondoka na gongo moja, jingine kalibeba kwapani. Aliyefuata alikuwa ameshaingia. Taufiki akamwomba asubiri, akakaa juu ya gunia la plasta.