Kikao Kilichosusiwa

"Usivibane hivyo," Karibukiti alijiambia kwa sauti, akavitenga viti vya safu ya mbele ili mtu aweze kupitisha magoti. Hakuna goti lililotarajiwa kupita hapo asubuhi hiyo, lakini mkono uliozoea kazi hausikii la mtu. Alifuta kila kiti kwa kitambaa kibichi, akakaza kamba za turubai, kisha akakipeleka nyuma kile chenye mguu uliopasuka, ambacho kwenye harusi alimkalishia mgeni asiyependwa sana na wenye shughuli.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Alikodisha viti kwa harusi na misiba ya kijiji kizima, na kwa kuwa alimwambia kila anayeingia "karibu kiti", watu wakamwita hivyo. Watani waliongeza kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kweli, wengine wana cheo tu.

Safari hii alikuwa amewapangia watu wa machimbo. Kampuni ilitaka kukipasua kilima kwa baruti ili ipate mawe na kokoto, na kabla ya kibali kutoka ilibidi afisa wa serikali aje kuwauliza wanakijiji. Chini ya kilima hicho ndipo ilipokuwa nyumba ya dada yake mkubwa, mjane, na shamba lake la mihogo, na makaburi ya mumewe na mwanawe. Machimbo yakianza, yeye ndiye wa kwanza kuhamishwa.

Wazo la kukisusia kikao lilikuwa la Karibukiti mwenyewe. Kususa kijijini pale si kununa tu. Mwenye duka aliyechezea mizani alisuswa: salamu yake haikuitikiwa, kizingiti chake hakikukanyagwa, hadi akaja mwenyewe, kofia mkononi, kuomba radhi. Fundi cherehani aliyemwinulia mama yake mkono naye alisuswa, akanyooka. "Na hawa tuwafanyie vivyo hivyo," Karibukiti aliwaambia watu. "Nitapanga viti vyote, wavikute vitupu. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Watu wakampigia makofi. Maisha yake yote alikuwa ametazama mikutano ya wenzake akiwa amesimama pembeni, na makofi yale yalimlevya kidogo.

Aliyekataa ni dada yake peke yake. "Mdogo wangu, asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nitakwenda, wanione kwa macho yao."

"Ukienda peke yako utatuvunja wote, dada. Watasema kijiji kimegawanyika. Niamini."

Dada alimpangusa vumbi la viti begani. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyemfulia na kumchapa na kumfichia nyama chini ya wali. "Haya," alisema. "Nimekuamini."

Gari lilifika jua likiwa limeanza kuuma. Alishuka afisa, mama wa makamo mwenye miwani, na nyuma yake bwana wa kampuni aliyevaa buti.

"Shikamoo, mzee," afisa alisema.

Karibukiti akafuta kiti alichokwisha kukifuta.

"Wenzako wako njiani?"

Kimya.

"Labda hasikii," bwana wa kampuni alisema, akajichagulia kiti.

Wakasubiri. Shikamoo ile isiyojibiwa ilimkaa Karibukiti kooni, kwa kuwa hakulelewa hivyo, lakini alijikaza. Kila afisa aliponyoosha shingo kutazama njia, yeye aliona ushindi. Wameshikika, alijisemea. Nyuma ya madirisha kijiji kizima kilikuwa kinachungulia, na alijua kinamtazama yeye.

Mwishowe afisa alisimama, akasoma maelezo ya mradi mbele ya viti vitupu kwa sauti ileile ambayo angewasomea watu. Alipomaliza alivua miwani. "Mzee, kama kuna mtu ana neno, huu ndio wakati wake." Alisubiri. "Kuna mwenye pingamizi?" Kuku alipita chini ya viti akidonoadonoa. "Mzee, nauliza kwa mara ya mwisho. Kuna anayepinga?"

Karibukiti aliinua kidevu, akatazama pembeni, kama alivyomfanyia mwenye duka.

"Hakuna," afisa alisema taratibu, akavaa miwani yake, akaliandika hilo na kutia sahihi.

"Afadhali," alisema bwana wa kampuni akiinuka. "Nilidhani tutashinda hapa kutwa."

Neno lile, "hakuna", lilimwingia Karibukiti polepole, kisha likamwingia lote. Mwenye duka alinyooka kwa sababu alihitaji wanunuzi. Hawa walihitaji nini kutoka kwao? Kimya hichohicho.

"Tunapinga!" alipiga kelele. Kitambaa kilimdondoka. "Wote tunapinga! Hakuna anayetaka!"

Afisa aligeuka. Usoni hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mzee, nimekuuliza mara ngapi?"

"Tulikuwa tumewasusa, mama."

"Mmetufanya nini?" Bwana wa kampuni aliangua kicheko.

"Kikao nimeshakifunga," afisa alisema. "Kwa nini hukusema, baba yangu? Hata wewe mmoja ungetosha. Ningelazimika kukisimamisha kibali."

Gari liliondoka. Milango ikafunguliwa na vigelegele vikapasuka kila upande, kwa kuwa waliokuwa madirishani waliona jambo moja tu, wageni wamekuja na kuondoka bila kuambulia mtu. Mwenye duka alimkumbatia. Wanawake walimfunga kanga mabegani. Alijaribu kusema, lakini kwenye kelele zile hakuna aliyemsikia, na ukweli ni kwamba hakujaribu sana. Alijichomoa, akashika njia ya kilimani.

Alimkuta dada yake akikandika ukuta wa jiko jipya, matope hadi viwikoni.

"Nimesikia vigelegele nikasema, niache woga, niumalize ukuta wangu," dada alisema bila kugeuka. "Ulisema kweli, mdogo wangu. Mimi na mdomo wangu huu ningewaharibia."

Angetukanwa ingekuwa nafuu. Aliivua kanga begani, akaikunja, akaikunjua.

"Dada, waliuliza kama kuna anayepinga."

"Ukawaambiaje?"

"Sikuwaambia kitu. Wakasema hakuna. Wamekwenda na hilo."

Mkono wa dada ulisimama ukutani. Tope lililegea chini ya kiganja, likateleza, likaangukia mguu wake, naye hakulitazama.

"Nimekuponza," Karibukiti alisema. "Ungekwenda wewe, ingetosha. Afisa mwenyewe kasema. Mtu mmoja tu angetosha."

"Usiniambie hilo," dada alisema. "Mengine yote niambie. Hilo, ungeliacha."

Halafu akaokota kile kipande kilichoanguka, akakikanda upya kati ya vidole. "Tope limebaki kwenye karai?"

"Limebaki."

"Lilete, kabla halijakauka."

Karibukiti aliinama akachota kwa mikono miwili. Dada alilipokea, akalipaka, akaanza kulilainisha taratibu hadi kwenye kona. Chini njiani nyimbo zilikuwa zimeanza kupanda. Watu walikuwa wanakuja kumpongeza mwenye nyumba.