Nani Atamwazima Koleo Saa?

Kwa miaka saba Koleo aliiba kila Jumatano jioni, nchi nzima ikimtazama. Aliiba mikoba, mikufu, na siku moja hata meno ya bandia ya mzee aliyesinzia mdomo wazi. Ni tamthilia tu ya televisheni, lakini nani wa kuwaeleza watu? Akiingia dukani, muuzaji alikusanya simu zote za kaunta kama mtu anayeanua nguo mvua imeanza. Binti yake aliacha kabisa kumwambia mtu shuleni baba yake ni nani.

Kumbe maskini hakuwa na ndoto za ukibaka. Alikuwa mwanamazingaombwe, kituo kilimchukua kwa wepesi wa vidole, kikamvisha wizi, ukamganda. Mwishowe alimwendea mkuu wa vipindi, akamwomba kipindi chake mwenyewe cha mazingaombwe.

"Nitakuitia watu studio," alisema bosi. "Wakikuamini, kipindi ni chako. Wasipokuamini, rudi ukaibe."

Mkewe akamshonea koti. Ndani ya mkono wa koti aliweka mfuko wa siri wa kumezea saa, chini akaacha upenyo wa kupitisha uzi wa mpira wa kuivuta. Walifanya mazoezi sebuleni mpaka ikabaki saa ya ukutani tu ndiyo haijapotea.

Siku ikafika, studio ikajaa. Koleo akapanda jukwaani, jukwaa la mbao zilizoachanaachana, mezani kuna mkate mzima. Saa ingepotea kwenye leso, kisha ionekane ndani ya mkate.

"Mabibi na mabwana, nani ataniazima saa yake?"

Mikono yote ikaingia mifukoni.

"Wewe, Koleo? Labda nikuazime ya jirani yangu!"

"Dada, wewe hapo mbele. Nakurudishia sasa hivi, nakuapia."

"Hata yule bibi wa kipindi cha juzi ulimwapia, kaka!"

Watu hawana mbavu. Koleo jasho linamchuruzika.

"Ile ni tamthilia, jamani. Mimi nina familia, nina watoto..." Kadiri alivyosihi ndivyo walivyozidi kucheka. Waliona anaigiza vizuri kweli. Kando ya kamera, bosi alitazama saa yake mwenyewe, wala hakuivua.

Mkewe akainuka kutoka kiti cha nyuma. Saa hakuwa nayo. Alikuwa anavua pete ya ndoa.

"Mama watoto, hapana," Koleo alinong'ona.

"Chukua, mume wangu. Mmoja akianza, wengine watafuata."

Angeikataaje mbele ya watu? Akaifunika kwa leso, akapuliza, akafunua. Haipo! Makofi yakalipuka, tena ya kweli, ya kwanza katika miaka saba ambayo hakuyaiba. Kifua kikamjaa.

Aliposhusha mkono kuchukua mkate, kitu baridi kikamteleza kwenye kifundo cha mkono. Upenyo! Saa isingepita pale. Pete ilipita kama maji. Ikagonga mbao, ti!, ikazama chini ya jukwaa.

Akaupasua mkate hivyohivyo, asijue afanye nini tena. Makombo matupu.

"Pete iko wapi?"

"Kaiba ya mkewe! Mwizi huyooo!"

Ukumbi ukapagawa kwa raha. Koleo alikuwa ameshapiga magoti, anachomeka vidole kwenye nyufa. "Imedondoka, haki ya Mungu! Nisaidieni!"

"Mwone anavyolia! Huyu jamaa fundi!"

"Kamera, msimwache!" bosi alipiga kelele, anajifuta machozi ya kicheko. "Huyo ndiye Koleo wetu! Misimu mitatu mingine!"

Mtu mmoja tu hakucheka. Alipanda jukwaani, akakusanya gauni lake, akapiga magoti kando ya mumewe.

"Sikuuziba ule upenyo," alisema polepole.

Wakainamiana pale wawili, wakaanza kung'oa ubao kwa kucha, na kila ubao ulipolia, ukumbi ulipiga makofi.