Kituo cha Shahina

Mwezi mzima Nassoro aliswali akiwa na dua mbili zinazogombana. Ya kwanza, mkewe Shahina afaulu. Ya pili hakuthubutu kuitamka, lakini ilikuwepo: afeli kidogo tu, kwa heshima, arudi kwenye kazi yake ya mapokezi ya kliniki na maisha yao ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, Qatar, yaendelee kama kawaida.

Shahina ni mtu wa Kerala, India. Nassoro ni mtu wa Tanga, dereva wa hoteli moja kule Lusail. Walikutana Doha, wakaoana Doha, na katika miaka minne ya ndoa bibi huyu alikuwa amekinyakua Kiswahili cha Tanga pamoja na madaha yake yote. Alikuwa pia na shahada ya uzamili ya historia, imekaa bure. Mwaka huu akaamua kwenda kwao kufanya mtihani wa taifa, ule wa kuwapima watu kama wanastahiki kufundisha na kufanya utafiti chuo kikuu. Nassoro ndiye aliyemuuliza maswali kila jioni, akiyavunjavunja majina ya wafalme wa Delhi mpaka mwanafunzi akashindwa kujibu kwa kicheko. Shahina akaenda, akafanya, akarudi, wakawa wanasubiri matokeo.

Tatizo la Nassoro ni kwamba alidhani anaujua mtihani ule. Kwao Tanzania, mtu akimaliza ualimu anasubiri serikali impangie kituo. Ukipangiwa umepangiwa, ubebe godoro lako uende. Dada yake, Time, alipangiwa Rukwa, mwisho wa nchi. Mumewe akasema mke wangu haendi. Time akabaki Tanga, na mpaka leo anashona sare za watoto wanaofundishwa na wengine. Ukimuuliza habari za ualimu anabadilisha mazungumzo. Nassoro hajawahi kumsamehe shemeji yake, na sasa zamu ilikuwa imefika kwake. Ama ampoteze mke, ama awe yeye ndiye mume anayesema haendi.

Akaenda Al Rayyan kutafuta ushauri kwa Kassim, mlinzi, rafiki yake wa tangu utotoni. Kassim hajawahi kufundisha hata kuku kurudi bandani, lakini mambo ya serikali zote duniani anayajua yeye. Akamhakikishia kwamba serikali haipotezi muda wake kumtahini mtu isiyemhitaji. Nchi kubwa vile, chuo cha huko milimani hakikosekani, na mwanamke akishafika huko ndiyo basi. Amkatalie mapema, matokeo hayajatoka.

Nassoro alikasirika. Alimkasirikia Kassim, na njiani akirudi akajikasirikia mwenyewe kwa ile dua ya pili, maana Kassim alikuwa ameisema kwa sauti tu. Kesho yake akamfuata Ndirangu, Mkenya anayesimamia madereva, akamuaga. Mkataba ukiisha asimhesabu, anamfuata mke wake India. Huko atafanya nini, hakujua. Magari yapo kila mahali, alijiambia, na usingizi haukuja.

Matokeo yalitoka Ijumaa. Nassoro alirudi kutoka msikitini akamkuta Shahina amesimama jikoni, simu mkononi, machozi yanamtoka.

"Nimefaulu," akasema.

Nassoro akamkumbatia, akasema Alhamdulillahi, na ajabu ni kwamba ilimtoka moyoni. Kisha akavuta kiti, akaketi, akauliza kwa sauti ya mtu anayesubiri sindano:

"Wamekupangia wapi?"

"Nani?"

"Serikali yenu. Kituo chako."

Shahina akamtazama, akaona hatanii. Akamweleza taratibu, na mhadhiri alianza kuonekana pale pale kando ya jiko. Mtihani ule haumwajiri mtu wala haumpeleki popote. Unasema tu kwamba huyu anastahiki. Akitaka kazi aiombe mwenyewe, kwenye chuo anachokitaka, wakati anaoutaka, na chuo kina hiari ya kumkubali au kumkataa. Ipo pia posho ya utafiti, ambayo ina muda wake, ila inataka alama za juu zaidi na yeye hakuzifikisha. Lakini cheti chake cha kustahiki kufundisha hakiishi muda. Kinaweza kukaa mpaka wazeeke.

Nassoro alimrudisha nyuma mara tatu, kama alivyokuwa akifanya na wale wafalme. Hakuna barua ya kuripoti? Hakuna. Hakuna mtu wa kumfuata akikaa Doha? Hakuna. Moyo ukatua. Akacheka peke yake, akamega mkate akautafuna mkavu. Halafu akaacha kutafuna.

"Ndirangu," akasema.

Ikabidi aeleze yote. Shahina alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akampa simu.

Ndirangu alicheka sana upande wa pili. "Bro, hiyo maneno sikuwahi peleka kwa mudiri wa hoteli. Nilikuona uko na stress, nikasema wacha jamaa apoe kwanza. Kesho uko Lusail, na usinichelewee."

Nassoro akashukuru mpaka simu ikakatwa. Alipogeuka, Shahina hakuwa anacheka.

"Ungeniuliza tu, mume wangu. Hata wangenipangia kweli, ningekataa. Nisingekuacha hapa."

"Najua," Nassoro akasema. "Ndiyo maana nikaaga mimi kwanza. Nilitaka ukose sababu ya kukataa."

Shahina akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuta kiti cha pili, akaketi karibu yake kabisa.

"Basi kituo tutajipangia wenyewe," akasema.