Fundo la Macho Matatu

Katika karakana ya mablanketi, mwanagenzi hakuwa na fundo lake. Mfumaji aliyekwisha kuhitimu ndiye aliyekuwa nalo. Akimaliza blanketi, alikusanya nyuzi za mwisho kwenye matamvua ya pembeni akazifunga kwa namna yake mwenyewe, ili blanketi likirudishwa na mteja ijulikane wa kulaumiwa ni nani. Mwanagenzi alifunga fundo la mwalimu wake. Akifuma vizuri, sifa alipewa mwalimu. Akiboronga, mwalimu ndiye aliyeitwa kusemwa. Sijui ni nani aliyeitunga sheria hiyo, ila naapa hakuwa na mtoto aliyempenda.

Fundo la macho matatu, vitanzi vitatu vilivyokaa kama macho, lilikuwa la mwanamke mmoja mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliyekaa kitanda cha kufumia cha nne kutoka mlangoni. Mwanagenzi wake alikuwa binti wa kaka yake marehemu. Alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akamfundisha kutembea, kula kwa adabu na kufuma, na kwa umri wa miaka kumi na mitano binti alikuwa anafuma kuliko yeye. Karakana nzima ilimwita binti Kitunguu. Jina hilo lina kisa chake.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, Kitunguu alifuma blanketi huku akiwaza kucheza ngoma. Likanunuliwa na fundi viatu mmoja mzee, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma kwa miaka kumi. Asubuhi yake majirani walimkuta mzee anazunguka chumbani, mikono juu, anacheka na kulia kwa pamoja. Watu walisema ni dawa aliyopewa na mkwe wake. Shangazi alisikia habari hiyo sokoni, akaacha kapu lake pale pale, akarudi nyumbani na kufunga mlango kwa komeo.

"Ulikuwa unawaza nini ulipokuwa unalifuma lile?" aliuliza.

Kitunguu akamwambia.

Shangazi alikaa chini. "Una mikono ya bibi yako," alisema. "Na bibi yako alivushwa mto."

Kila mtu mjini alijua maana yake. Aliyepatikana na hatia ya uchawi alipakiwa kwenye mashua ya serikali akavushwa hadi ng'ambo, kwenye mawe na upepo, na hakuna aliyewahi kurudi kusimulia alikula nini huko.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Kuanzia leo ukishika uzi, waza vitunguu."

"Vitunguu, shangazi?"

"Vitunguu. Hakuna mtu aliyewahi kuvushwa mto kwa sababu ya vitunguu."

Binti akatii, tena akatii kupita kiasi. Blanketi lililofuata lilirudishwa na mteja aliyelalamika kwamba linanuka jikoni, na kwamba mume wake hawezi kulala kwa njaa. Wafumaji walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda. Alijifunza kupunguza kidogo. Miaka miwili ikapita, na mablanketi yake yakawa mablanketi tu, mazito, mazuri, yasiyo na lolote ndani yake ila sufu.

Kisha akaja mkaguzi wa nguo. Mkaguzi huyu alikuwa na tumbo la kutangulia na kalamu nyuma ya sikio, na alipenda kukagua mbele ya watu. Siku hiyo alilivuta blanketi la shangazi kutoka kwenye rundo, akalitupa sakafuni, akalikanyaga kwa kiatu chenye matope, akasema macho ya yule mama yamezeeka na bora akauze mboga. Shangazi aliinama akaliokota. Hakusema kitu, yeye ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Kitunguu alikuwa amekaa nyuma yake, uzi mkononi. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Aende zake, aliwaza, mikono ikiendelea kufuma yenyewe. Aende zake huko na asirudi tena. Alifuma hivyo kwa urefu wa shubiri mbili kabla hajakumbuka vitunguu. Ilimpasa alifumue. Lakini jua lilikuwa limeshuka, mteja alikuwa analingoja mlangoni, na yeye akajiambia kwamba hasira ya muda mfupi vile haiwezi kuwa kitu. Akafunga macho matatu kwenye matamvua, akalikabidhi.

Lilinunuliwa na mwokaji mikate, kwa ajili ya mke wake.

Baada ya siku tatu mke wa mwokaji hakuwapo tena. Mwili ulikuwapo: umekaa kitini karibu na tanuri, macho wazi, unapumua, unameza ukilishwa. Mwenyewe alikuwa ameondoka. Watoto walimwita mama, naye akawatazama kama watu wanaopita dukani bila kununua. Mikono yake ilikuwa baridi hata ikishikwa juu ya moto. Mwokaji alijaribu madaktari wawili na maombi ya kila aina, kisha akaligeuza lile blanketi na kutazama pembeni. Macho matatu yakamtazama.

Walimchukua shangazi saa nne asubuhi, kutoka kwenye kitanda chake cha kufumia, uzi ukiwa bado kidoleni.

Kitunguu hakungoja hata chozi la kwanza likauke. Alikimbia ofisini kwa msimamizi wa karakana, mzee mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema yote kwa pumzi moja: ni yeye, si shangazi, shangazi hana kitu chochote mikononi mwake zaidi ya sugu.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. "Blanketi lina fundo la nani?" aliuliza.

"La shangazi. Lakini mimi ndiye..."

"Wewe mwanagenzi. Huna fundo. Mbele ya sheria wewe hujawahi kufuma hata kitambaa cha kufutia pua." Akavua miwani, akaifuta. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Hata nikikuamini, hakuna mahali pa kuliandika jina lako."

Akamruhusu aende kumwona shangazi. Alimkuta kwenye chumba chenye dirisha la ukubwa wa sahani, amekaa wima, nywele kazisuka upya kana kwamba anangoja wageni.

"Funga mdomo wako," shangazi alisema kabla ya salamu. "Nimeshasikia ulichokifanya. Usirudie. Unajua kesho kutwa kuna nini? Jaribio. Nitafuma kitambaa cha urefu wa mkono mmoja mbele ya hakimu, wamfunike nacho yule mama maskini. Akishtuka, akisema, akifanya chochote, mimi mchawi. Asipofanya kitu, naenda zangu." Akatabasamu, meno yote nje. "Mimi sina kitu, Kitunguu. Bibi yako alinipa pua tu. Nitawafumia kitambaa kilichokufa fofofo, na jioni tutakuwa nyumbani."

Kwa mara ya kwanza tangu wamchukue shangazi, Kitunguu alipata pumzi. Ni kweli. Jaribio lile lilitungwa kuwanasa wenye kitu, na shangazi hakuwa nacho. Alimsikitikia mke wa mwokaji, alimsikitikia sana, hata usingizi ulimpaa, lakini alijiapiza kwamba shangazi akishatoka atatafuta njia ya kulirekebisha lile. Kwanza shangazi atoke.

Aliporudi karakana alimkuta karani wa baraza, na karani alikuwa na karatasi. Mfumaji, ilisema karatasi, hataugusa uzi kabla ya kukaa kitandani, asije akauchezea. Uzi utakunjwa kwenye vijiti vya kufumia na mwanagenzi wake, kama ilivyo desturi ya kazi.

"Mwingine hawezi kukunja?" Kitunguu aliuliza. Aliisikia sauti yake ikitoka kwa mbali.

Msimamizi akawatazama wafumaji. Kila mmoja aligundua kwamba ana jambo la haraka la kutazama sakafuni. Nani angegusa uzi wa mchawi?

"Na nikikataa?"

"Pasipo uzi hakuna jaribio," alisema karani. "Pasipo jaribio, ni sawa na amekiri."

Siku ya jaribio walimkalisha Kitunguu kwenye kigoda katikati ya ukumbi wa baraza, fungu la sufu mapajani, vijiti kumi na viwili mbele yake. Watu walijaa mpaka madirishani. Shangazi alikuwa ameshakalishwa kwenye kitanda cha kufumia kilicholetwa kwa mkokoteni, mikono miwili juu ya magoti. Hakuwa ameambiwa habari ya uzi. Alipomwona Kitunguu anashika kijiti cha kwanza, uso wake ulibadilika, na tabasamu lile la meno yote likaenda kusikojulikana. Akasema kwa sauti yake ya barabarani, mbele ya hakimu na kila mtu:

"Vitunguu!"

Watu walicheka. Walidhani anamwita jina kwa wingi, kwa wazimu wa woga. Hakimu akagonga meza.

Kitunguu akaanza kukunja.

Aliwaza vitunguu. Aliwaza kitunguu kimoja, chekundu, kimelala juu ya ubao. Usimwaze mke wa mwokaji. Usimwaze shangazi. Usitake kitu. Ganda la juu, kavu, linapasuka likiguswa. Kijiti cha kwanza kikajaa, cha pili, cha tano. Jasho lilimtiririka mgongoni. Ganda la pili, laini, lenye majimaji. Hataki kitu, hataki kitu, kitunguu hakitaki kitu. Cha nane. Akawaza kisu kinachokikata, na kisu kilikuwa kile cha mpini uliofungwa kamba, na kamba hiyo aliifunga shangazi mwenyewe. Akawaza ubao, na ubao ulikuwa na alama ya kuungua pembeni pale shangazi alipoweka sufuria siku ile akipiga soga dirishani. Cha kumi. Akawaza shangazi anamenya, machozi yanamtoka, anajifuta kwa kiwiko na kusema, hivi vitunguu vimeniulia nani, huku anacheka. Na mwanga wa jioni unaingia, na sufuria inachemka, na yeye Kitunguu yuko mlangoni anavua viatu.

Alipozinduka, kijiti cha kumi na mbili kilikuwa kimejaa. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Alivitazama vile vijiti, akasema, "Hapana, subirini, nikunje tena." Karani alikuwa ameshavichukua.

Shangazi alifuma. Alifuma taratibu kadiri alivyoweza, na vibaya kadiri alivyoweza, akiacha mianya ambayo mwanagenzi wa wiki ya kwanza angeionea haya. Alipomaliza hakufunga fundo. Wakamwamuru afunge. Akafunga macho matatu.

Mke wa mwokaji aliletwa kitini, mume wake kabeba upande mmoja. Walimfunika kile kitambaa magotini. Kitunguu aliyakaza macho kwenye uso ule mtupu, akauomba, akauomba kwa moyo wake wote, ubaki mtupu. Nisameheni, lakini ndivyo alivyoomba. Aliomba mama wa watoto watatu abaki hivyo hivyo.

Mke wa mwokaji akavuta pumzi ndefu. Akapepesa macho. Akamwangalia mume wake, akamgusa shavu lenye unga, akasema kama mtu aliyetoka safari ndefu, "Jamani. Nimerudi nyumbani."

Mwokaji alianguka magotini. Hakumwangukia mke wake, alimwangukia shangazi, akaikamata miguu yake na kuibusu akilia. "Ahsante, mama! Ahsante kwa kunirudishia! Mungu akulipe!" Na karani, kalamu mkononi, akayaandika maneno hayo yote, moja baada ya jingine, kwa mwandiko mzuri.

"Ni mimi!" Kitunguu alipiga kelele. "Ni mimi nimeukunja! Nipeni uzi, nitawaonyesha!"

Hakimu hakuwa mtu mkali. Alimpa uzi. Kitunguu alikunja pale pale, akafuma kipande cha kiganja kimoja, akataka kwa nguvu zake zote, akataka mpaka akaona giza. Lakini alikuwa na woga tu mwilini mwake, na woga haukufuma kitu. Walimfunika nacho paka wa baraza, na paka akaendelea kulala.

"Huyu?" alisema shangazi, akicheka kwa sauti yake kubwa ili wote wasikie. "Huyu hata mianya hajui kuziba. Mwacheni. Ananipenda tu." Akamgeukia hakimu. "Andika. Ni mimi, na nilijifunza peke yangu."

Alivushwa kesho yake asubuhi. Hakuruhusiwa kubeba blanketi, wala nguo yoyote yenye fundo. Watu walisimama mbali na gati, maana wengi walikuwa wamelala miaka yote chini ya macho matatu na hawakujua sasa wasimame wapi. Msimamizi alikuwa amemwambia Kitunguu kwamba kitanda cha nne hakiwezi kukaa kitupu, kwamba Jumatatu atakikalia yeye, na afikirie fundo lake.

Walimpa muda wa kuagana usiozidi wa kufunga kamba ya kiatu. Shangazi alimshika uso kwa mikono yake yenye sugu.

"Si nilikwambia uwaze vitunguu?" alinong'ona. Hakuwa anamlaumu. Alitaka kujua tu, kama alivyokuwa anauliza kila akikuta kosa kwenye kazi, ili wasilirudie.

"Niliwaza vitunguu, shangazi," alisema Kitunguu. "Lakini ulikuwa unavimenya wewe."